Robo ya Nyuma, Kushoto

Saa kumi na moja kasoro, Kirkcowan, mvua ya ubavuni.
Senga anaingia wa tatu kama kila siku,
wa pili hataki, wa nne hataki.
Michirizi mitatu ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi:
mbele kulia, safi.
Mbele kushoto, safi.
Nyuma kulia, safi.
Nyuma kushoto, mabonge, kama mtindi uliokosewa.

Kiganja kilijua kabla ya jicho.

Kwetu husema ng'ombe haelemewi na nunduye.
Hawa nundu hawana.
Wana viwele vinavyofagia majani,
lita arobaini kwa siku,
na kila lita ina mlango uliolegea kidogo.

Marehemu mzee McCreadie alichagua mafahali miaka ishirini na sita
kwa kidole kimoja juu ya safu moja: maziwa.
Bei ikishuka, aliongeza maziwa.
Hakujua, au alijua akanyamaza,
kwamba jeni zinazofungua bomba,
baadhi yake, husahau kufunga mlango.

Bintiye Elspeth ana karatasi.
Chembe nyeupe za kila ng'ombe, kila mwezi, kwa maelfu:
Senga, mia sita na kumi.
Mamake Senga, mia tano na kitu.
Bibi yake, hapo karatasi imeliwa na panya.
Na themanini na nane, yule mweusi mfupi
ambaye hakuna aliyejisumbua kumpa jina:
arobaini na moja. Mwaka wa sita huu.
Tope ni lilelile. Mashine ileile.
Mikono ni hii hii yangu.

Mtaalamu alikuja kutoka Dumfries na viatu vipya.
Akasema, urithi wa jambo hili ni mdogo,
fungu moja katika kumi.
Tisa ni malalo, mashine, bahati, mikono.
Aliposema mikono aliitazama yangu.

Moja katika kumi! Elspeth alicheka.
Kisha akanunua mirija kumi na miwili
ya fahali ambaye hatutamwona,
mbegu iliyolala ndani ya moshi wa baridi,
fahali wa maziwa haba
na mabinti wenye chuchu fupi, zilizobana.
Moja katika kumi, alisema, halafu mabinti,
halafu wajukuu, halafu miaka ambayo mimi sipo.

Nami nilipomnyonyesha Rukiya,
Glasgow, ghorofa ya saba, lifti mbovu,
titi la kushoto liliwaka siku tisa.
Mama akasema kwenye simu:
kwetu hakuna aliyewahi kuugua hivyo,
kana kwamba nimeununua dukani.
Yeye alinyonyesha saba, hata uvimbe wa punje hakupata.
Labda ni wa upande wa baba.
Shangazi zangu hakuna aliyewauliza, na sasa wamekufa.
Rukiya ana miaka kumi na tisa.
Safu yake haimo kwenye karatasi yoyote.

Binti wa kwanza wa fahali yule amezaa Jumanne.
Leo nampima: kibao cha visahani vinne,
maziwa kidogo, dawa ya zambarau,
nazungusha mkono taratibu.
Penye ugonjwa huganda, huvutika kama mlenda.
Nazungusha.
Maji.
Maji.
Maji. Na cha nne, nakirudia mara mbili,
maji.

Mmoja si ushahidi, anasema Elspeth.
Ila amesimama pale, mvua inamwingia shingoni,
haondoki.

Senga nimemfunga utepe mwekundu mguuni.
Maziwa yake ni ya kumwagwa, siku saba, ndoo ya peke yake.
Mimba yake ijayo itakuwa ya fahali wa nyama,
na ndama wake hataingia humu kukamuliwa.
Imeshaandikwa, kwa kalamu ya risasi, lakini imeandikwa.
Namkuna penye shina la mkia, anapopapenda.
Anasukuma uzito wake wote kwenye mkono wangu
kama mtu anayeegemea ukuta wa kwao.

Kesho ataingia wa tatu.